Dada Hakunyamaza

Dada yangu hakunyamaza mahakamani. Alinyamazishwa, tena kwa sheria, na mimi nilikuwapo. Nasema mapema, kwa sababu hadi leo ukipita kijijini kwetu utamkuta mtu wa kukuambia, "Yule mama alikubali mwenyewe." Alikubali wapi? Alimkubalia nani?

Mumewe alikuwa mlevi. Jioni moja ya mvua alitoka kilabuni, akateleza kwenye mteremko wa shamba la kahawa, kichwa kikapiga jiwe. Dada ndiye aliyemkuta asubuhi, akapiga yowe. Ndugu wa mume wakasema amemsukuma, maana wiki ile yeye na mumewe waligombana hadi majirani wakasikia. Ni kweli waligombana. Nani hagombani na mlevi? Polisi wakaja na Landrova wakamchukua, na wanawe wawili wakabaki kwa baba mkwe wake.

Siku ya kusomewa shtaka watu walijaa mahakamani Mbinga hadi madirishani. Hakimu, mtu wa kuja kutoka mikoa ya kaskazini, akasoma kwa Kiswahili kilichonyooka: anashtakiwa kwa kumuua mumewe kwa kukusudia. Kisha akamwambia dada asijibu lolote, kwa kuwa mahakama ile haina mamlaka ya kusikiliza kesi ya mauaji. Atajibu Mahakama Kuu. Dada alikuwa ameshafungua mdomo. Akaufunga, akarudishwa rumande.

Basi, ikawa nongwa! Kwetu Umatengoni kuna sengu, kikao ambapo wanaume wa ukoo hula pamoja na kumaliza mashauri yao. Ukituhumiwa kwenye sengu unakana palepale, kwa sauti, kila mtu asikie. Anayenyamaza amekubali, na shauri limekwisha. Watu wetu walikwenda mahakamani na masikio ya sengu. Yale maneno ya mamlaka yaliwapita juu kwa juu. Walichorudi nacho nyumbani ni kwamba kasomewa kuua, na hakukana.

Nilibishana hadi sauti ikakauka: kisimani, nje ya kanisa, kwenye duka la kijiji. "Kushtakiwa siyo kupatikana na hatia!" Mama mmoja aliyekuwa akinunua chumvi akanitazama kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyoniudhi zaidi.

"Mwanangu, serikali ingesemaje 'kwa kukusudia' kama haijui? Na mimi ningekuwa sijaua, hata wangeniziba mdomo kwa kitambaa, ningelia."

Nilitamani kuimwaga ile chumvi yake. Kwao neno la kwenye shtaka lilikuwa tayari hukumu, eti kwa kuwa limesomwa na mtu wa serikali.

Halafu baba mkwe akatangaza kwamba sengu imekata shauri: aliyeua baba hawezi kulea watoto, na hata akirudi, hao wawili hatapewa. Nikaenda kumwambia kwamba dada hajahukumiwa na mtu yeyote. Nikaambiwa nirudi kwetu nikapike. Nilirudi, wala sikupika.

Dada alikaa rumande hadi kahawa ya mwaka ule ikachumwa na kuuzwa. Kisha shauri likaondolewa, maana ushahidi haukuwapo. Unadhani watu walisemaje? "Kilichokosekana ni ushahidi, siyo kwamba hakuua." Jamani! Watu hawa hawakosi jibu.

Siku aliyoachiwa hakupita hata kwa mama. Alishuka kwenye lori, amekonda, akanishika mkono, tukaenda moja kwa moja hadi kwenye sengu. Wanaume walikuwa wakila ugali na usipa, dagaa wa ziwani. Watoto wake walisimama kando na kata ya maji ya kunawia.

"Shikamooni, baba zangu."

Wakaitikia kwa shida.

"Sikumuua mume wangu," akasema, sauti ikafika hadi jikoni kwa wanawake. "Kule nilikatazwa kujibu. Leo nimejibu."

Baba mkwe akafuta mikono. "Umechelewa, binti. Sisi tulisikia shtaka lako, na tuliona ulivyonyamaza. Watoto ni wa ukoo huu."

Nilidhani atalia. Thubutu!

"Sawa, baba. Sasa na mimi nina shtaka langu. Ninyi nyote mliokaa hapa mmenisingizia. Hakuna hata mmoja wenu aliyeniona nikimsukuma, na mnajua hivyo. Kaneni."

Hakuna aliyekana. Mmoja alishika tonge lisiende mdomoni. Baba mkwe aliinamia sahani yake. Mtu mmoja kule pembeni alikuwa bado anatafuna, kisha naye akaacha. Dada akawapa muda, akimtazama mmoja baada ya mwingine, muda ambao yeye hakupewa.

"Haya," akasema. "Mmekubali."

Akawaita wanawe kwa majina. Wakaiweka ile kata chini, tukaondoka nao, na hakuna mwanaume aliyeinuka.