Siku Nilipomsifu Babu Mbele ya Wabunge

Nitaanza na aibu yenyewe ili mcheke mapema tupate kusikilizana: mimi, mtu anayesoma miswada kwa hiari yake na kupigia mistari kwa rula, nilisimama ukumbini Voi nikamsifu babu yangu kwa jambo ambalo hakulifanya.

Wabunge walikuja kukusanya maoni kuhusu mswada wa kuiruhusu serikali ya kigeni ijenge Nairobi mnara wa kuwakumbuka wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi lake katika vita vya kwanza vya dunia. Kifungu kimoja kilisema majina yatakayothibitishwa yataandikwa ukutani, nami nikataka la Babu Mwakio liwepo, kwa sababu ndiye aliyenilea kule Mwatate, akanifundisha herufi kwa kidole kwenye maandishi ya debe la biskuti za jeshi (alilitumia kuwekea mbegu za maharagwe, na mpaka leo nikinusa mbegu kavu namwona amechuchumaa mlangoni akizipuliza vumbi).

Nikaandika kurasa kumi na moja. Shangazi Mkawasi, kitindamimba wa Babu, aliniomba nimsomee kwanza, nikamwambia atasikia hukohuko ukumbini (uamuzi mdogo tu, nilikuwa napiga shati pasi).

Zamu yangu ilipofika nikaliinua debe, nikasoma kwenye maikrofoni: "Babu yangu aliubeba mzigo huu kutoka Voi kwenda Maktau, wala hakuutua njiani." Makofi yakapigwa, hata mgeni aliyetoka ubalozi wa serikali hiyo akainamisha kichwa, nami nikajiona nimefika, nikaongeza ambayo hayakuwa kwenye karatasi, kwamba ukoo wetu haujui kukimbia, ndipo kiti cha nyuma kikalia na Shangazi akasimama.

"We Mwandoe, shuka hapo! Baba alikimbia!"

Akalinyooshea debe kidole.

"Alibeba siku mbili, ya tatu akaingia vichakani na hilo debe, akajificha Kishushe mpaka vita vikaisha. Biskuti alikula yeye na mbuzi wa watu."

"Basi kweli hakuutua!" mtu akapaza sauti, ukumbi mzima ukaangua kicheko, na mimi bado nimeinua debe kama mchuuzi wa mafuta ya taa.

"Shangazi, mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza lini? Wewe huuliza makaratasi."

Mwenyekiti wa kamati, alipopata pumzi, akaniuliza kwa upole, "Kwa hivyo mzee, jina tulitoe?"

Nilikuwa nimeanza kukunja karatasi zangu. Shangazi akajibu yeye, na safari hii sauti ilikuwa imeshuka. "Litoeni. Andikeni Mghanga, kakake Baba. Huyo alibeba mpaka mwisho, hakurudi. Mama yao alimwekea chakula kila jioni mpaka mama mwenyewe akafa."

Nina miaka hamsini na mitatu na sikuwa nimewahi kulisikia jina hilo. Nikaomba kalamu kwa karani (yangu ilikuwa mfukoni, sikuikumbuka), nikageuza ukurasa wa kumi na moja, nikaandika Shangazi anavyonitajia: Mghanga, wa Mwatate, alipenda kuimba, hakuwa ameoa. Hakuna aliyecheka tena. Karani akaipokea karatasi kwa mikono miwili.

Mswada wenyewe bado uko bungeni, na sijui ukuta huo utajengwa lini. Ninachojua ni kwamba siku hizi siandiki hata barua kwa kamati ya maji kabla sijaketi na Shangazi, naye husikiliza amefumba macho, kisha husema, "Hapo umedanganya, futa." Nami nafuta.