Sauti ya Mama Nyuma ya Ubao

Harufu ya udi ikichanganyika na ya risasi ya kulehemu hunirudisha moja kwa moja kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu ya Bagamoyo, msimu ule wa joto nilipokuwa na miaka kumi na mmoja. Udi ulikuwa wa mama, wa kufukuza harufu ya dawa. Risasi ilikuwa ya baba. Baba alikuwa fundi wa redio, na miaka yote mama alimkataza kuleta kazi ndani ya nyumba, ila mwaka ule hakuwa na sauti ya kumkatazia. Hospitalini Dar es Salaam walimtoa uvimbe kooni, na sauti ikaenda na uvimbe. Alirudi na kitambaa cheupe shingoni, chini ya mtandio, na daftari la mistari ambamo aliandika kila alilotaka kusema. Siku za mwanzo aliandika mengi, mpaka mkono ukamuuma. Baadaye ikawa "chai", "basi", kisha anageukia ukutani.

Mama alikuwa msomaji wa kasida. Si wa jukwaani. Wanawake wa mji wetu walimwalika kwenye maulidi yao na kwenye shughuli zao za arusi, milango ikiwa imefungwa, na kwa jambo hilo la milango alikuwa mkali kuliko shehe yeyote niliyewahi kumsikia. Sauti yake, alikuwa akisema, ni kama nywele zake: ya mume, watoto na wanawake wenzake, basi. Hata mimi nikicheza uchochoroni hakuniita kwa jina. Aligonga mbuzi ya kukunia nazi kwa mwiko, mara tatu, nami nikajua naitwa. Watoto wenzangu walinicheka kwamba mama yangu ananiita kama kuku.

Shangazi Zuwena, dada yake baba, aliwahi kumrekodi kwa simu katika maulidi mojawapo ya wanawake, na dakika ishirini zilizokuwa kwenye kadi ya simu hiyo ndizo zote zilizobaki za sauti ya mama. Kwenye simu yenyewe alisikika kama nzi ndani ya kopo. Baba akamwahidi kwamba atamtengenezea spika ya kumrudishia sauti yake kama ilivyokuwa. Mama akaandika kwa herufi kubwa: ISITOKE NJE. "Haitatoka, Mama Salma," baba akasema. Salma ndiye mimi.

Baba hakutaka kuzifunga spika kwenye kasha. Alisema kasha lina sauti yake lenyewe, na mtu akiimba ndani yake utadhani yumo kisimani. Alitaka ubao mtupu, spika zishikiliwe katikati, wazi mbele na wazi nyuma. Basi aling'oa mlango mmoja wa kabati la nguo, akautoboa matundu matatu, nguo za mama zikabaki zinatuangalia. Kazi ikawa ni kuchagua spika za kuyajaza matundu hayo. Nilidhani ni jambo la siku moja, lakini lilichukua wiki tatu. Alikwenda mpaka Lugoba kwa mtu anayebomoa mabasi mabovu, akarudi na wufa mbili nzito, spika za besi, anazijivunia kama amezizaa yeye. Kwenye ubao hazikufaa kitu. Zilizoea kubanwa ndani ya kasha, na hapa hazikuwa na hewa ya kuzizuia, zikawa zinarukaruka tu. Isitoshe, baba alinieleza, pasipo kasha hewa ya mbele na ya nyuma hukutana pembeni mwa ubao zikamezana, na besi ndiyo inayokufa kwanza.

Hakimu alikuwa mama. Alikaa mkekani, mgongo ukutani, baba akafunga spika, akaunganisha nyaya, akaweka kadi. Nilishangaa kwamba hakuwahi kuianza rekodi mwanzoni. Kila mara aliisogeza mbele mpaka pale kasida inapoanza. Mama akisikia uongo alitikisa kichwa. Spika moja mpya, yenye kung'aa, ilimfanya aimbe kama mtu aliyebanwa pua, na mama akafumba macho kwa hasira. Mwishowe baba alifungua redio ya mbao ya marehemu babu, akatoa spika ya karatasi ya inchi nane, nyepesi, kingo zake laini kwa uzee. Chini yake akaweka wufa kuukuu yenye kingo za kitambaa, juu yake twita ya sauti nyembamba, ndogo kama sarafu. Kila moja akaipa amplifaya yake, ili aongeze besi bila kuigusa sauti ya mama. Ilikuwa baada ya alasiri. Akausimamisha ubao mbele ya dirisha, kwa sababu karibu na ukuta ulivuma, akawasha.

Mama alikuwa chumbani mwetu. Siwezi kulisema vingine. Nilisikia pumzi yake kabla ya kila ubeti, na yule aliyekaa mkekani aliinua mkono kwa mara ya kwanza tangu tuanze, midomo yake ikawa inafuata maneno bila kutoa kitu. Machozi yalimtoka naye anatabasamu. Kisha akashtuka, akanyoosha kidole kwangu, halafu dirishani. "Salma," baba akasema, "nenda nje kasikilize kama inatoka."

Nilitoka. Uchochoroni sauti ilikuwa ileile, nzima, haikupungua hata kidogo. Kwenye baraza ya jirani wanaume watatu walikuwa wanakunywa kahawa, na wote walikuwa wamenyamaza, vikombe mkononi. Mzee Kheri akaniuliza, "Mjukuu wangu, nani huyo anayesoma? Maashallah." Niliingia ndani, nikamwona mama na ule uso wake, nikasema, "Haisikiki, mama." Sikulazimishwa na mtu. Nilitaka tu ule uso ubaki.

Ulibaki siku kumi na mbili. Kila alasiri alisikiliza, akaanza kula, akaandika sentensi nzima, akamtania baba kuhusu kabati. Siku ya kumi na tatu Shangazi Zuwena akaja na nia njema kabisa. "Wifi yangu," alimwambia, "barazani wanakusifu mpaka basi. Mzee Kheri siku hizi haondoki mpaka umalize." Nilikuwa uani. Nilisikia mwiko ukigonga mbuzi mara tatu. Nilipofika, daftari lilikuwa wazi, limeandikwa neno moja: Ulisikia? Nikaitikia kwa kichwa. Akafungua ukurasa mpya, akashika kalamu, akakaa nayo, asiandike kitu. Kisha akainuka mwenyewe, akazing'oa nyaya moja baada ya nyingine.

Alifariki kabla ya Ramadhani. Katika wiki zile za mwisho aliniandikia "maji", "mto", "funga dirisha". Nilingoja neno jingine, hata la kunilaani. Daftari ninalo, nimelipekua ukurasa kwa ukurasa zaidi ya mara ninazoweza kuhesabu, na halimo.

Mwaka jana ndipo baba alipofungua mdomo. Masikio yake sasa yamekwisha, anaongea kwa sauti ya juu bila kujua, kwa hiyo alinipigia kelele jambo ambalo lilifaa kunong'onwa. "Ubao mtupu hutoa sauti nyuma sawasawa na mbele. Fundi gani hajui hilo? Nilikutuma wewe kwa sababu mama yako alikuwa ananitazama usoni, nisingeweza kumdanganya." Nilimwachia chai yake nikaondoka. Bado nampelekea chakula kila Ijumaa, maana ni baba yangu, lakini sijamsamehe na sijui kama nitamsamehe.

Siku hizi hakuna kitu kinachobaki ndani ya nyumba. Kwenye kundi letu la familia la simu wanatumiana arusi, wagonjwa, hata maiti ikioshwa. Shangazi ananiomba ile rekodi awarushie ndugu wa Pangani na Maskati, nami humwambia kadi imeharibika. Haijaharibika. Huisikiliza kwa spika ndogo za masikioni, tena tangu mwanzo, sehemu ambayo baba alikuwa akiiruka. Kuna vikombe vinagongana, wanawake wanacheka, kisha mama, kwa sauti yake ya kawaida ya kuulizia chumvi, anasema, "Mlango umefungwa?" Mtu anamjibu, "Umefungwa." Ndipo anaanza kusoma. Mimi huwa peke yangu chumbani, na mlango nimeshaufunga kwa ufunguo. Hata hivyo kila anapouliza, nainuka nakwenda kuuangalia.