Kikapu Nilichomsukia Zaina

Juzi mjukuu wangu alikuwa anamsukia rafiki yake kikapu, na harufu ya maganda makavu ya mgomba ikanirudisha nyumbani kwetu Mururu. Nilipokuwa mtoto, mchana mmoja nami nilimsukia Zaina, rafiki yangu, aliyekuwa anahamia Bukavu na wazazi wake. Maman, mama yangu, akakijaza maharage.

"Kikapu hakiendi kwa batu kitupu," akaniambia, "na hakirudi kitupu."

Zaina alikipokea kwa mikono miwili, akacheka. "Kimepinda kama meno yako."

Sikulia. Nilijua lazima atarudi kukirudisha, kimejaa. Nikaketi mlangoni kumngoja mpaka moshi wa jikoni ukaisha. Hakurudi, siku ile wala baadaye.

Sasa najua kikapu cha zawadi hakirudishwi. Lakini mtu akipiga hodi, natazama mikono yake kwanza.