Kitufe Nilichomsingizia Tumaini

Aliyeiharibu tovuti ya chama chetu cha kahawa si Tumaini. Ni mimi.

Wiki iliyopita niliandika hapa kwamba Tumaini, katibu wetu, ametuhujumu. Mkaniamini. Huko Mlowo wanachama wakamvua ukatibu.

Nilitaka wageni wa tovuti wapelekwe kwenye seva mpya bila anwani kubadilika. Kwenye paneli ya kuiendesha, chaguo la kufanya hivyo, yaani proksi, halikuwepo, na tovuti ikakwama. Nywila tulikuwa nayo wawili tu, mimi na Tumaini, nikasema kaliondoa yeye.

Leo fundi wa kampuni ya seva kanipigia.

"Mzee, halijaondolewa. Limezimwa kutoka akaunti kuu."

"Akaunti ya nani?"

"Yako. Mwezi uliopita."

Mwezi uliopita nilikuwa nakwenda kulazwa. Nikakumbuka. Nilizima kila nilichoweza, asije mtu akagusa kazi yangu nisipokuwepo. Ndivyo nilivyofundisha miaka yote: hata nikienda kunywa chai, kabati la chaki nalifunga.

Nikampigia Tumaini. Kabla sijafungua kinywa akasema, "Shikamoo, Mwalimu."

Nilishindwa kuitikia marahaba.

Nikamweleza yote. Akauliza kwa upole, "Kule ulikoniandika, utaandika na hili?"

Madaktari wameshaniambia sina siku nyingi. Sikutaka kuondoka jina lake likiwa bado chafu kwa mkono wangu.

Nimeandika, mwanangu.

Nanyi mnaosoma, msinipe pole mimi. Mwandikieni Tumaini, na ukatibu wake mrudishieni.