Sufuria ya Mama Atieno

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa maji, Munyaka ilikuwa mashamba ya mahindi na nyumba chache za mabati, na sote tulichota kwenye chemchemi moja bondeni, chini ya shamba letu. Leo pale pana ghorofa, na maji huletwa na lori. Watu wakisifia jinsi Eldoret ilivyokua, mimi huitikia shingo upande.

Nyanya yangu, tuliyemwita Cucu, alikuwa na sheria moja isiyo na mjadala: sufuria yenye masizi haitumbukizwi chemchemini. Maji yale yana mwenyewe, alisema, na ukimkosea anahama nayo. Nilimwamini kabisa. Kila nikifika pale niliukagua mtungi wangu chini kwanza, nisije nikaleta balaa.

Mama Atieno, mpangaji wa jirani aliyetoka upande wa ziwa, hakuijua sheria hiyo. Asubuhi moja mtoto wake alishikwa na homa kali. Akachukua sufuria iliyokuwa karibu, akashuka nayo mbio, akaitumbukiza. Cucu alikuwa palepale.

"Mama Atieno! Unatumalizia maji!"

"Pole Cucu, sikujua. Mtoto anachomeka."

Kiangazi kilichofuata chemchemi ilipungua, ikawa tope, kisha ikakauka. Hakuna aliyeuliza ni kwa nini. Wanawake walimpita Mama Atieno bila salamu, mandazi yake yakamdodea, na mwishowe mwenye nyumba akamwambia atafute kwingine. Nilisimama uani nikimtazama akifunga godoro lake kwa kamba, nikaona anastahili. Nilikuwa mtoto, ndiyo, lakini bado naona aibu.

Juu kidogo ya chemchemi, Baba alikuwa amepanda mikaratusi. Ilistawi ajabu. Mji ulikuwa unapanuka, na mafundi waliojenga mtaa wa Elgon View walizigombania nguzo zetu. Nilikuwa shule ya upili siku tuliyokuwa tukipakia nguzo, Baba akagonga kisiki kwa panga, akasema bila kuniangalia:

"Hii miti ndio ilikunywa hiyo maji yote. Lakini usiseme huko nje. Utasoma na nini?"

Nikanyamaza. Nikasoma.

Mwaka jana nilikuwa sokoni mjini nikasikia naitwa kwa jina la utotoni. Alikuwa Mama Atieno, amezeeka, ana kikapu cha mboga za managu. Akamuulizia Cucu, nikamwambia alishafariki. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Na vile nilitaka kumuomba msamaha tena! Nikiona watu wamepanga mitungi wakingoja lori, mimi hujiambia, hii ni mimi nilifanya."

Hapo ndipo ningesema. Baba naye hayupo, miti ilikwisha, hakukuwa na mtu wa kulinda ila mimi mwenyewe na hii heshima yangu ya mtu aliyesoma.

"Cucu alikusamehe kitambo, Mama," nikasema.

Alilia kwa furaha, palepale katikati ya watu. Akanibariki, mimi na watoto wangu, akanijazia managu kwenye mfuko na kukataa katakata kulipwa. Kabla hatujaachana alinielekeza kwake, nyumba ya mlango wa buluu nyuma ya kanisa, akasema nisipite tu, niingie ninywe chai.

Hupita njia ile kila siku nikienda kazini. Bado sijaingia.