Shati la Baba Mkwe

Saa tatu asubuhi ukungu bado umeushika mji wa Iringa, lakini cherehani zimeshaanza kuunguruma katika darasa la ushonaji la akina mama. Bi Mwamvita Matano anapita kati ya meza, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, macho kwenye vidole vya wanafunzi wake.

"Mama Jailos, usikivute kitambaa! Kiache kitembee chenyewe. Una haraka gani, unafukuzwa?"

Darasa zima linacheka. Anayecheka zaidi ni Severina, mke wa mkulima wa Kalenga, ambaye majuzi tu nusura aachishwe masomo.

Baba mkwe wake, Mzee Liberatus, hakupendezwa kuona mkwe anakwenda mjini huku magugu yakiota shambani. Akatoa sharti: Severina amshonee shati. Likimkaa, aendelee, lisipomkaa, arudi kwenye jembe.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kwao mke wa mtoto hamsogelei baba mkwe, sembuse kumzungushia futi kifuani. Severina akamkadiria kwa macho kutoka ng'ambo ya uwanja. Masikini, mikono ya shati iliishia kwenye viwiko, na vifungo vikagoma kufika kwenye matundu yake.

"Nililia," anasema Severina. "Ni mama mkwe aliyeniombea nijaribu mara moja tu tena."

Bi Mwamvita hakupoteza muda kumbembeleza. Marehemu baba yake, fundi aliyetoka Bagamoyo, aliwashonea wanawake waliokaa ndani bila kuwaona hata kisigino.

"Vipimo vililetwa kwa uzi mnene," anasimulia. "Fundo la bega, fundo la mkono, fundo la kifua. Baba anapapasa, anakata. Nikamwambia Severina, mzee si ana mke? Mpe uzi yeye!"

Mama mkwe huyo, Bibi Paskalina, akaifanya kazi. "Mzee alisimama wima kama askari," anasema Bibi Paskalina, aliyemsindikiza mkwe wake darasani leo, huku akifuta machozi ya kicheko. "Mimi nafunga mafundo, yeye kanuna. Niliogopa hata kupumua, nisije nikakosea."

Severina akakata, akashona, akafumua, akashona tena. Jumapili mzee alivaa shati hilo kwenda kanisani, na hakulivua hadi alipokwenda kulala.

"Walisema wanawake wa mashambani hawawezi," anasema Bi Mwamvita, kifua mbele. "Waje walione shati lile!"

Sasa anataka darasa jingine huko huko Kalenga, Severina awe mwalimu. Wamekosa chumba tu.

Kabla hajamaliza kusema, Bibi Paskalina anatoa uzi wenye mafundo kwenye pindo la kitenge chake. Severina anaupapasa, anaduwaa. Si bega wala kifua.

"Huo mzee kafunga mwenyewe," anasema mama mkwe. "Kapima mlango wa ghala lake la mahindi. Anauliza kama meza ya kukatia nguo itapita."