Jiwe la Kushushia Mzigo

Kwa miaka zaidi ya sitini Cicily hakuwahi kumwambia mtu yeyote, "Niinue." Pale nywele zake zinapoanzia kuna bonde dogo lililochimbwa na mukwa, ule ukanda wa ngozi ambao wanawake wa Embu huuweka kichwani mzigo ukining'inia mgongoni. Wenzake hulificha bonde hilo kwa kitambaa. Yeye kitambaa chake hukisukuma nyuma kidogo, kusudi lionekane.

Kwa hiyo mjukuu wake Sheila, karani wa mjini, alipopanga kutembea siku tatu msituni kutoka Manyatta hadi Chogoria, bibi alicheka.

"Mtatembea tu? Hamuendi kuuza kitu?"

Kisha akasema na yeye anakwenda, na mzigo wake atabeba mwenyewe. Wakabishana wiki nzima. Mwishowe wakakubaliana: katikati ya njia kuna jiwe la kupumzikia, walilotumia wanawake wa zamani wakienda sokoni. Cicily akiweza kusimama pale na mzigo bila msaada, ataubeba hadi mwisho. Akishindwa, mzigo ni wa Sheila, na mukwa utundikwe ukutani.

Siku ya pili ilikuwa siku ya raha. Kithinji, mwongoza njia, mtu wa Meru, aliwaambia kambi iko karibu, hakuna haraka. Jua lilipenya kati ya mianzi. Wakala nduma baridi na chai ya chupa, miguu ikiwa ndani ya kijito.

"Hapa ndipo Rwamba alianguka," Cicily alisema. Rwamba alikuwa rafiki yake wa utotoni, sasa amelala kaburini kule Siakago alikoolewa. "Ndizi zake zote zikaelea! Tulizifukuza mto mzima. Mama alituita wapumbavu, na yeye mwenyewe anacheka mpaka ameshika mti."

"Cucu, kwani huchoki?" Sheila alimuuliza bibi yake.

"Kuchoka ni nini? Wewe na hilo begi la mikanda kumi, mbona unahema kama ng'ombe wa joto la Ishiara aliyepandishwa huku kwenye baridi?"

Kithinji alicheka hadi akakaa chini.

Saa saba wakalifikia jiwe. Zamani wanawake walilipenda kwa sababu ya kimo chake. Mtu alirudi nyuma kidogo tu, mzigo ukakaa juu yake, shingo ikapumua, halafu akasimama bila kuita mtu. Lakini udongo wa mvua za miaka mingi ulikuwa umejaa chini yake. Sasa lilikuwa fupi kama kigoda.

Cicily akakaa. Akajaribu kusimama, magoti yakakataa.

"Jiwe limezama, mama," Kithinji alisema kwa upole. "Si kosa lako."

"Mimi na wewe hatuongei juu ya jiwe."

Akajaribu tena. Mara ya tatu akafika nusu, akarudi chini na kishindo. Ndege mmoja tu ndiye aliyekuwa anapiga kelele kwenye mianzi.

Hapo ndipo Cicily alipomkumbuka mama yake, amekaa juu ya jiwe hili hili, anamenya ndizi polepole. "Kaa hapa na mimi kwanza, uone mlima," mama alimwambia. Halafu akavua mukwa wake na kumvika Cicily, kama mchezo. Tangu siku hiyo mama hakubeba tena. Cicily, msichana wa miaka kumi na nne, alibeba akijisifu njia nzima, wala hakuuliza kitu.

Akainua macho. Mianzi mitupu, kama siku ile; mlima haujawahi kuonekana kutoka hapa.

"Sheila, njoo ukae hapa uone mlima."

"Mlima gani, cucu? Mimi naona mianzi tu."

Cicily alicheka, machozi yakamtoka. Alicheka peke yake muda mrefu. Kisha akavua mukwa. Sheila akaupokea, akauvaa shingoni.

"Utajinyonga, mtoto wangu! Juu. Hapa, nywele zinapoanzia."

Sheila akachuchumaa, mzigo mgongoni. Cicily bado alikuwa amekaa. Akatazama chini, akanyoosha mkono.

"Haya, Kithinji," alisema. "Niinue."

Kithinji akamwinua. Cicily akapita nyuma ya mjukuu wake, akaweka viganja chini ya mzigo, na kumsukuma juu, vile mama yake alivyomsukuma siku ile.